Babu wa Kiairishi kapotelea wapi? Dalili, sababu na namna ya kujikwamua

Wakuu, hii nawaandikia hasa nyie mliooa au kuolewa huko Boston, Chicago, New York na kwingineko Marekani, watoto wenu upande mmoja Moshi au Kisumu, upande wa pili mama mkwe anasema tu "sisi asili yetu Ireland" na ukimuuliza Ireland ya wapi anakuchorea kisiwa kizima kwa kidole. Mtoto anataka kujua, shule wamempa homuweki ya mti wa ukoo, we ndo unabaki na laptop usiku.

Na wanaosema mambo ya Waairishi sisi yanatuhusu nini, mwangalieni Obama. Kwa baba ni Kogelo, Siaya, hilo kila mtu analijua, ila kwa mama yake ukirudi vizazi vitano unakutana na Falmouth Kearney, kijana wa kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyepanda meli kwenda New York 1850 ile njaa kubwa ya Ireland ikiwa bado haijaisha. Obama mwenyewe alienda Moneygall Mei 2011. Huyo Kearney ntamtumia kidogo huko chini maana kesi yake inafundisha.

Sasa twende dalili kwa dalili, usisome yote kama yako unaijua, ruka.

"Kila karatasi inasema Ireland, basi"

Hii ndo inayokwamisha wengi kuliko zote kwa hiyo ntakaa hapa. Sensa imeandika Ireland, cheti cha kifo Ireland, karatasi ya uraia inasema tu amekana utii kwa Malkia wa Uingereza. Watu wanadhani babu alikuwa anaficha kwao. Hapana, fomu zenyewe zilikuwa haziulizi. Orodha za abiria wa meli zilizoingia Marekani kwa miaka mingi zilitaka jina, umri, jinsia, kazi na nchi atokayo mtu, mpaka 1893 ndo wakaanza kuuliza alikuwa anaishi wapi mara ya mwisho, na mahali hasa pa kuzaliwa pakaja 1906 na 1907. Uraia hivo hivo, kabla ya Septemba 1906 kila mahakama ilijiandikia inavyojua, baada ya hapo fomu ikawa moja nchi nzima na inauliza tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kama babu yenu kaja 1850 na uraia kachukua 1858, usitegemee karatasi hiyo ikwambie kitu.

Kinachofuata ndo balaa: mtu anaruka moja kwa moja kwenye rekodi za Ireland akiwa na jina Patrick Murphy na neno Ireland. Murphy ndo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote kule, na Patrick sina haja ya kusema. Rekodi za Ireland zote zimepangwa kwa mahali: kaunti 32, chini yake parokia, chini yake vitongoji, na vitongoji vyenyewe ni zaidi ya 60,000, vingine vina nyumba tatu tu. Bila parokia unatafuta mtu sokoni Kariakoo kwa kuita "Juma".

Tiba yake: usivuke bahari kwanza. Jibu la kitongoji mara nyingi limelala Marekani, ila sio kwenye karatasi za serikali. Anza na kanisa. Cheti cha ndoa cha manispaa hakisemi kitu, ila daftari la ndoa la parokia ya Katoliki pale mjini walipofungia, padri mwenyewe saa ingine naye katoka Cork au Galway, anajua tofauti, basi anaandika kabisa bwana harusi katoka parokia fulani. Barua pepe kwa jimbo la kanisa inatosha kuanzia. Halafu mawe ya makaburi, Waairishi wa karne ya 19 walipenda kuchonga "mzaliwa wa parokia ya fulani, kaunti fulani", na matangazo ya vifo kwenye magazeti ya Kikatoliki. Gazeti la The Pilot la Boston lilikuwa na safu ya watu wanaotafuta ndugu zao waliopotezana, kuanzia 1831 hadi 1921, tangazo linataja kitongoji, meli, mwaka, mara ya mwisho kaonekana akijenga reli wapi. Yamekusanywa na Boston College, unasoma bure.

Kama ukoo ulipitia New York, kuna benki inaitwa Emigrant Industrial Savings Bank, ilifunguliwa 1850 na wahamiaji wa Kiairishi ndo waliokuwa wateja wakubwa. Benki ilitaka kuhakikisha anayekuja kutoa hela ni mwenye hela kweli, kwa hiyo walimuuliza maswali: umezaliwa wapi, umekuja na meli gani, wazazi wako nani, mke nani, ndugu wako wapi. Wakaandika. Yani usalama wa akaunti ya mtu wa 1855 ndo unakupa wewe leo parokia yake. Kwa wale walioishi mpaka baada ya 1936, fomu ya kuombea namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) ina majina ya baba na mama, na la mama ni lile la kwao kabla hajaolewa.

Na hapa ndo siri ambayo watu wanaikataa kwa sababu ni kazi: kama babu yako karatasi zake ziko kimya, tafuta za kaka yake, dada yake, shemeji yake, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, jirani aliyeandikwa nyumba ya pili yake kwenye sensa ya 1860. Hawa watu hawakuhama mmoja mmoja. Mmoja anaenda, anafanya kazi, anatuma tiketi ya mdogo wake, mdogo anamvuta binamu, mtaa mzima unajikuta ni wa parokia moja. Dada aliyekufa 1931 anaweza kuwa na tangazo la kifo lenye kila kitu na babu aliyekufa 1872 hana hata jiwe.

"Jina halitokei kwenye serchi"

Toa kwanza ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, walibadilisha majina ya watu. Orodha ya abiria iliandikwa na watu wa meli bandari ya kuondokea, ofisa wa Ellis Island alikuwa anasoma iliyokwisha kuandikwa. Na Ellis Island yenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, kabla ya hapo, kuanzia 1855 hadi 1890, watu wa New York walipita Castle Garden, kwa hiyo babu wa wakati wa njaa hakuiona hata moja kati ya hizo.

Majina yalibadilika kwa njia za kawaida. O na Mac zinadondoka na kurudi: Sullivan na O'Sullivan ni mtu mmoja, Carthy na McCarthy ni mtu mmoja, na saa ingine ni kaka wawili wa tumbo moja kila mtu na lake. Wengine jina la Kigaeli (lugha ya asili ya Ireland) lilitafsiriwa, mtu wa Mac Gabhann unamkuta ni McGowan kwenye karatasi moja na Smith kwenye nyingine, na kule Connemara watu wa Mac Conraoi wameandikwa King. Karani naye aliandika alichosikia, na alichosikia ni lafudhi ya Kerry.

Majina ya kwanza ndo yanachekesha. Bridget anaweza kuwa Biddy, Bridie, Delia au Bertha. Delia hasa jueni, Marekani Bridget lilishakuwa jina la kumtania mfanyakazi wa ndani basi mabinti wengi wakalikimbia. Honora ni Nora, Hanora, Hannah, Nano. Jeremiah ni Darby. Timothy, Thaddeus na Tadhg mmoja. Cornelius ni Con au Conor. Owen na Eugene wanabadilishana. Alafu ukifika kwenye madaftari ya ubatizo unakuta Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John, Carolus ni Charles, Brigida mnamjua. Ukiserchi "James" kwenye indeksi iliyoandikwa kama padri alivyoandika hupati kitu.

Dawa ni kuserchi bila jina la kwanza, weka ukoo pekee na parokia na miaka mitano huku na huku. Au geuza: serchi wazazi wawili. Uzuri wa ubatizo wa Kikatoliki kule ni kwamba mama anaandikwa kwa jina la kwao, hivo ukiwa na Daniel Sullivan na Mary Shea kama wanandoa unapata watoto wote wa nyumba ile hata kama majina yao yameharibika.

"Nimempata, ila wako sita"

Wamarekani wawili waliwahi kuwa Annie Moore. Annie Moore wa kweli ni binti wa Cork, miaka 17, meli inaitwa Nevada, ndo mtu wa kwanza kabisa kupita Ellis Island siku ile ilipofunguliwa, na alikuwa na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi familia moja ya Texas ndo ilialikwa kwenye shughuli zote kama wajukuu zake. 2006 mtafiti Megan Smolenyak akaonyesha kwamba Annie wa Texas kazaliwa Illinois, hajawahi kuvuka bahari, na Annie mwenyewe hakuondoka hata New York: kaolewa na mtoto wa mhamiaji wa Kijerumani, kaishi mitaa ya Lower East Side, kafa 1924 na kuzikwa Queens. Jina lilikuwa sahihi, umri unakaribia, na watu wote walikuwa wanakubaliana.

Funzo hapo ni moja, jina na umri havitoshi kumthibitisha mtu. Ukiwa na wagombea sita usichague anayependeza, waondoe. Yule aliyebatizwa Skibbereen 1831, angalia kama kuna mtoto wa jina hilo kafa huko huko. Angalia kama kaoa huko huko 1858, maana kama anaoa Skibbereen wakati wako anachimba mfereji Ohio basi sio wako. Angalia sensa ya 1901, kama yupo pale ameketi na mkewe, futa. Anayebaki, mlinganishe na majina ya watoto: Waairishi wengi wa wakati ule walifuata utaratibu, mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa kwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe, na binti wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Sisi wengi wetu hili halihitaji maelezo, nyumbani tunafanya hivo hivo. Haukufuatwa na kila mtu kwa hiyo ni dokezo sio ushahidi, ila kama babu kaita wanae Cornelius kisha Florence (ndio, Florence kule West Cork ni jina la mwanaume), na mgombea mmoja baba yake ni Cornelius, umesogea.

"Umri haukubaliani"

Kawaida kabisa, usimtupe mtu kwa tofauti ya miaka mitano. Wengi hawakujua tarehe, wengine wakijaziwa 17 Machi siku ya Mtakatifu Patrick. Hata Annie Moore magazeti yalimwandika 15.

Kuna moja tamu lakini. Linganisha sensa ya Ireland ya 1901 na ya 1911 uone watu waliozeeka miaka 14 au 16 ndani ya miaka 10. Sababu ni pensheni ya uzee, sheria ya 1908, malipo yakaanza Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, na waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Sasa we ungesema una ngapi? Ukikuta hivo amini zaidi ile ya 1901, na hata hiyo usiiamini sana.

Na ukikuta mtoto kabatizwa kabla ya kuzaliwa usishangae, kuchelewa kuandikisha kulikuwa na faini basi mzazi anasogeza tarehe mbele. Ya padri ndo ya kuaminika.

"Sensa za zamani hazipo"

Hazipo kweli, acha kuzitafuta. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Juni 1922 pale Four Courts, Dublin, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza na jengo la nyaraka likalipuka. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu. Za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Zilizobaki nzima ni 1901 na 1911, ziko kwenye tovuti ya nyaraka za taifa bure, na ya 1926 miaka yake 100 ya kufungiwa inatimia Aprili 2026.

Badala yake unatumia rekodi za kodi. Tithe Applotment, miaka ya 1823 hadi 1837, ni wakulima waliolipishwa zaka ya kanisa la Kianglikana hata kama wao Wakatoliki (walichukia kweli kweli). Griffith's Valuation, 1847 hadi 1864, ina kila mwenye nyumba au kipande cha ardhi, kitongoji kwa kitongoji, na ramani yake, bure kwenye askaboutireland.ie. Kosa ni kudhani inataja familia nzima, inataja mkuu wa kaya tu. Kizuri ni madaftari ya marekebisho yaliyofuata baadae, kila mpangaji akibadilika jina linakatwa na kuandikwa jipya na mwaka. Hapo unaona shamba limehama kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na huo mwaka ndo wa kwenda kutafuta kifo. Kwa nyaraka zilizoungua, tangu 2022 kuna Virtual Record Treasury of Ireland, wanakusanya nakala zilizokuwa kwingine, inafaa kuchungulia.

"Parokia ninayo, ila mtu hayumo"

Sababu za kuangalia kwa mpangilio huu. Kwanza miaka. Usajili wa serikali wa kuzaliwa, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza 1 Januari 1864, ndoa zisizo za Kikatoliki 1845. Kuzaliwa kwa mtu wa 1830 hakuwezi kuwemo hata ufanyeje. Kabla ya hapo ni madaftari ya kanisa, na parokia nyingi za magharibi madaftari yanaanza 1820, 1840, hata baada ya hapo. Maktaba ya Taifa Dublin imeweka picha za madaftari ya Katoliki mpaka karibu 1880 kwenye registers.nli.ie bure, ila pale huserchi kwa jina, unafungua parokia na kusoma mwandiko wa padri ukurasa kwa ukurasa. Irishgenealogy.ie ndo ya usajili wa serikali na picha za vyeti, nayo bure, pamoja na madaftari ya kanisa ya Kerry, Dublin na sehemu ya Cork. Maliza za bure kwanza kabla hujatoa kadi ya benki.

Pili, parokia ya kiserikali na parokia ya Katoliki ni vitu viwili, mipaka tofauti na mara nyingi majina tofauti. Griffith wanatumia ya kiserikali, padri anatumia ya kwake.

Tatu, dini. Hapa ndo Kearney anaingia. Familia yake walikuwa Waanglikana, na 2007 ni mchungaji wa Kianglikana wa eneo lile ndo aliyepekua madaftari yaliyokuwa chini yake na kuwakuta. Mtu angekaa kwenye madaftari ya Katoliki ya Moneygall mpaka leo. Kwahiyo wajukuu kuwa Wakatoliki Marekani sio uthibitisho, mtu anafuata dini ya mke, na watu wa Ulster, mkoa wa kaskazini, wengi walikuwa Wapresbiteri. Ukiangukia kaunti sita za kaskazini, yani Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry na Tyrone, nyaraka nyingi ziko PRONI, ofisi ya nyaraka ya Ireland ya Kaskazini, Belfast, sio Dublin.

"Mahali alipotaja hapapo kwenye ramani"

King's County siku hizi ni Offaly. Queen's County ni Laois. Queenstown ni Cobh, bandari. Na hapo kwenye bandari kuna mtego, akisema "Cork" huenda alimaanisha alikopandia meli tu. Kitongoji usichokiona kitamke kwa sauti na uandike upya kwa namna tano, kisha jaribu logainm.ie ambayo ina majina rasmi kwa Kigaeli na Kiingereza.

"Meli siioni"

Angalia Kanada. Nauli ya Quebec ilikuwa rahisi kuliko ya New York kwa sababu meli zilizobeba mbao kutoka Kanada zilikuwa zinarudi tupu, na 1847 maelfu walikufa karantini ya Grosse Île. Waliopona wengi wakashuka kusini kwa miguu au kwa boti, na mpaka 1895 mpaka wa Kanada na Marekani haukuwa na rekodi ya wanaovuka. Binafsi naona meli inatafutwa sana kuliko inavyostahili, orodha ya 1850 hata ukiipata itakwambia tena "Ireland".

"Nimepima DNA, nina binamu elfu na bado sijui"

Asilimia za kabila weka pembeni, tazama orodha ya ndugu. Chukua wale wa karibu ambao hawatokani na babu na bibi zako wengine, waulize parokia ya kwao. Watatu wakitaja parokia moja ya Mayo ambayo hujawahi kuisikia, nenda ukafungue daftari lake. Kwa vijijini ambako watu walioana humo humo kwa vizazi, namba zinapanda na binamu wa mbali anaonekana wa karibu. Na miti ya ukoo waliyoweka watu onlaini ni ya kudokolea tu, mmoja akikosea wengine mia wanakopi.

"Tunataka paspoti"

Wanaouliza hivi ni wengi kuliko wanaokubali. Anayehesabika ni babu au bibi aliyezaliwa kisiwani Ireland, unajiandikisha kwenye Foreign Births Register (daftari la Ireland la waliozaliwa nje) kwa vyeti vya vizazi vyote vitatu. Akiwa ni mzazi wa babu, kwa kawaida inafanya kazi tu kama mzazi wako alikuwa ameshajiandikisha kabla wewe hujazaliwa. Babu wa 1850 hakupi paspoti kwa njia hiyo, kwa hiyo vyeti vilivyothibitishwa vya kulipia usiagize, picha za bure zinatosha.